Nilisema Hapakuwa na Mtu

Ndugu zangu, nimemkana mtu niliyekula kwake. Sikulazimishwa, sikutishiwa kisu, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu na suruali iliyopigwa pasi! Mkitaka kunitukana nitukaneni, maana mimi mwenyewe nimejitukana mpaka matusi yameniishia.

Mimi ni mpiga picha, mtoto wa mjini Tabora. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Marehemu babu yangu alibeba mizigo ya misafara hadi pwani na kurudi. Katika studio niliyofanyia kazi tulipiga picha za harusi, za vitambulisho, na za watoto wanaolia juu ya kigoda. Niliidharau kazi ile. Bwana harusi akijinyoosha tai mbele yangu, nilikuwa nasonya kimoyomoyo.

Kilichonipotosha ni kalenda. Ilitundikwa ukutani pale studio, imetoka Ulaya, na kila mwezi una picha yake: ziwa, mlima, msitu, na binadamu hakuna hata mmoja. Loo, jinsi nilivyoihusudu! Nikajiambia kwamba huo ndio usanii, nchi tupu imetulia, hakuna mtu anayejikuna mbele ya lenzi.

Basi, miaka hiyo ya Ujamaa, ofisi moja ya serikali ikataka picha za mandhari ya mkoa wetu kwa ajili ya maonyesho ya Dar es Salaam. Wakanichukua mimi. Nikapewa filamu na nafasi ndani ya Landrova, nifuate njia ya zamani ya misafara pamoja na matawi yake, njia ile ile iliyomchubua babu mabega. Nilijiona nimefika!

Nilianzia karibu na mji, Ntalikwa, nikaendelea hivyo hivyo kuelekea kaskazini. Na kila niliposimama nilifanya jambo moja, nalo ni kufukuza watu. "Mama, sogea kidogo. Wewe wa baiskeli, ngoja kwanza nimalize." Wengine walinicheka. Mimi nikawaona washamba wasiojua kitu kizuri.

Upande wa Choma ndiko kwao mke wangu. Nitamwita Nyamizi, ingawa silo jina lake. Baba yake alikuwa mkulima na mfugaji. Nyumba zake zilikuwa chini ya mawe makubwa meusi, na mbele yake mbuga ilifunguka mpaka macho yakachoka. Majirani walikuwa kila upande, nusu yao ni ukoo, na ng'ombe wao walikunywa maji ya kisima kimoja. Baba yake na babu yake walizikwa pale pale, kando ya zizi.

Nilifika jioni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mjini hamjambo? Umetuletea sukari, au umetuletea hicho kisanduku tu?"

Tulicheka. Mama mkwe akapika ugali wa mtama, kuku akachinjwa, maziwa ya mgando yakaja. Nilikula nikalala kama mtoto wa nyumba ile, na kwa kweli ndivyo walivyonihesabu.

Asubuhi jua lilipogusa yale mawe, nikasema moyoni, hii hapa picha yangu, wenye kalenda watanyamaza! Nikazunguka mpaka nikapata pembe ambayo mawe yanazificha nyumba zote. Lakini vilibaki vitu vya kuniudhi.

"Baba, naomba ng'ombe wasogezwe. Na ule moshi uzimwe."

"Moshi nao una kosa gani?"

"Unaharibu picha, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. Akawaita majirani kwa Kisukuma, kisha akanitafsiria mwenyewe: "Nimewaambia mkwe wangu ametoka Tabora kuja kupiga picha mawe!" Hata hivyo wakanitii. Moto ukazimwa. Nguo zikaanuliwa kwenye ua wa minyaa. Watoto wakafichwa. Na yeye mwenyewe, mzee wa watu, akaenda kujikunyata nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote.

"Tayari?" akaita.

"Bado, baba! Usichungulie!"

Jamani, baba mkwe wangu! Nilimwamuru asichungulie nyumbani kwake.

Nilipomaliza akaja anajipangusa vumbi. "Haya, na sisi je?"

"Nitawapiga nikirudi, baba. Filamu zimebaki chache."

Uongo. Filamu zilikuwepo, ila nilizitunzia mawe mengine ya huko mbele.

Picha ilitoka vizuri mno. Pale ofisini waliisifu, ikakuzwa, ikachaguliwa kwenda Dar es Salaam, na chini yake liandikwe jina langu. Mwenzangu wa studio aliniambia, "Sasa umekuwa Mzungu kabisa." Alikuwa ananitania, mimi nikafurahi!

Haukupita muda mrefu, ikaja amri ya watu kuhamia vijijini. Waliokaa mbalimbali walitakiwa wakusanywe pamoja. Lakini tulisikia kwamba mahali penye nyumba za kutosha huenda pakaachwa, pawe kijiji hapo hapo. Baba mkwe na majirani zake wakashika neno hilo. Walisema, sisi tuko wengi, tuna kisima, tuna makaburi, tuacheni tuwe kijiji hapa hapa. Wakaenda Igunga kumwona bwana mmoja aliyeshughulikia jambo hilo.

Siku hiyo nami nilikuwepo Igunga, nimepeleka nakala za picha zangu. Nakala kubwa ya ile ya mawe ilikwisha kutundikwa ukutani nyuma ya yule bwana. Akawasikiliza wazee, kisha akageuka akaigonga kwa kidole.

"Mnasema mko wengi. Wako wapi? Mawe yenu si ndiyo haya? Hata moshi haupo!"

Akanitazama. "Ndugu mpiga picha, siku ile kulikuwa na watu mahali hapa?"

Ningejibu nini, kama si ukweli? Ningesema, ndugu, watu walikuwepo, niliwaficha mimi. Maneno machache tu! Lakini nilifikiria ile picha. Nikisema niliipanga, itashushwa, haitakwenda Dar es Salaam, na mimi nitaonekana tapeli. Nilifikiria jina langu chini yake.

"Hapakuwa na mtu, ndugu."

Baba mkwe hakupiga kelele. Aliniangalia kwanza, kana kwamba anahakikisha kuwa ni mimi.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "ule ugali alikupikia nani?"

Nikatazama viatu vyangu. Yule bwana akasema shauri limekwisha, wazee wakatoka.

Wapo wanaonifariji kwamba wangehamishwa tu, hata ningesema nini. Huenda. Mimi sijui, na sitajua kamwe, kwa sababu niliwaziba mdomo kabla maneno yao hayajapimwa. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilikataa ukweni kwa ajili ya karatasi.

Siku ya kuhama Nyamizi alitangulia kwao, nami nikamfuata, ati kusaidia. Nilikuta malori mawili. Mapaa yameezuliwa, kuku wamefungwa miguu. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya lori, amepakata mlango wa nyumba yake. Alikuwa ameung'oa mwenyewe, kwa kuwa huko waendako hapakuwa na mbao. Mkono mmoja ameushika mlango, mwingine amejikinga jua, na nyuma yake ile mbuga yote.

Hapo ndipo nilipoona! Miaka yote nilikuwa natazama kwa macho ya kalenda, na siku ile nikatazama kwa yangu. Nilijua mara moja nisimame wapi na nisubiri nini. Mbuga ilikuwa na maana kwa sababu yule mama alikuwa anaiacha. Hakuna aliyenifundisha picha ile, wala sikuwahi kuiona popote. Ilikuwa yangu.

Nikainua kamera. Kiganja kikafunika lenzi. Alikuwa shemeji yangu, kaka yake Nyamizi.

"Unampiga nani?" akasema. "Si ulisema hatupo?"

Nikaishusha. Malori yakaondoka, na mama mkwe hakugeuza shingo kunitazama.

Huko walikopelekwa maji yalikuwa mbali na ng'ombe wengi walikufa. Baba mkwe naye hakukaa sana. Akaugua, akafa, akazikwa mahali ambapo hakumjua maiti hata mmoja. Nilikwenda mazikoni. Walinipa kiti na chakula kama wanavyopewa wageni, na hakuna aliyeniita mkwe.

Baada ya matanga Nyamizi aliniomba jambo moja tu. "Nataka picha ya baba."

Mpiga picha mzima, miaka yote ile! Nilipekua masanduku yote, ya harusi za watu, ya watoto wa watu. Ya baba mkwe hamna. Nikamletea ile ya mawe kwa sababu sikuwa na nyingine.

"Baba yuko wapi hapa?"

"Yuko nyuma ya jiwe hilo," nikasema.

Aliweka kidole chake juu ya lile jiwe, akakaa nacho hapo muda mrefu. Nilitamani anipige. Kisha akakunja nguo zake, akamchukua mtoto wetu, akachukua na ile picha, akaenda kwa mama yake. Nimetuma wazee mara nyingi. Wanarudi wakisema mama mkwe hataki maneno.

Nimejaribu kurudi njia ile na kamera, safari hii kwa ajili ya watu. Najua sasa namna ya kuwapiga, hilo ndilo linaloniua! Ila habari zangu zimenitangulia. Kule Choma nikisimama wanawake wananigeuzia mgongo, na wazee wanaingia ndani. Nabaki na mawe na anga, na siwezi tena hata kuyatazama. Kwa hiyo nimerudi studio, kwa bwana harusi na tai yake.

Kijana unayesafiri na kamera, nisikilize mimi niliyeharibikiwa. Ukiona mahali pazuri, kabla hujafungua mkoba, uliza ni kwa nani. Ukimwondoa mtu kwenye picha, mwombe arudi kabla hujaondoka, na ukiulizwa kama alikuwepo, sema alikuwepo, hata kama jina lako litafutwa.

Na ninyi mtakaoniambia nikaombe radhi, ahsanteni, lakini nimechelewa. Aliyepaswa kunisamehe amelala ugenini, na ni mimi niliyempeleka.