Nilitengeneza index ya vipuri Likasi, nyumba akapewa Kapend

Heshima kwenu wakuu. Kisa hiki ni changu mwenyewe. Mliokuwa Likasi miaka ile kiwanda kinazimika kidogo kidogo, nisuteni nikitia chumvi.

Nilirudi nyumbani kutoka Ndola, Zambia, na diploma ya kompyuta. Ada nilijilipia kwa kuuza mitumba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Kiwandani nikamkuta Kapend. Diploma hana, ila chef, yaani bosi wetu, alimwita "mwanangu" mbele ya watu wote. Nikisikia hivyo, nilikuwa naacha chai yangu mezani na kutoka nje.

Chef akatangaza: atakayeunganisha data za depo mbili za vipuri, ya Likasi na ya Kakanda, anakuwa mkuu wa chumba cha kompyuta na anapewa nyumba ya kampuni.

Wakuu, mimi nilikuwa nalala sebuleni kwa dada yangu. Niliitaka ile nyumba.

Kapend akanitangulia. Programu yake ya kutafuta ilipanga aina ya kila field, yaani kila safu ni namba au text (maandishi), kwa kutazama data iliyoingia kwanza. Likasi ndiyo iliingia kwanza, na code za vipuri vyake ni tarakimu tupu, basi field ikawa namba. Code za Kakanda zina herufi mbele. Programu ikazigeuza zote kuwa sifuri, kimya kimya.

Ndipo pampu ya maji ya mtaa ikafa beringi. Kapend akatafuta.

"Chef, haiko."

"Iko," nikasema. "Machine yako ndiyo haiioni."

"Weye ulitoka Ndola juzi, unajua nini ya depo yetu?"

Watu wakacheka.

Nikajenga index mpya, yaani orodha ya kutafutia, kando, ile ya zamani nikaiacha iendelee na kazi. Field ya code nikaiweka text kwa depo zote mbili. Kwa kuwa text hupanga 100 kabla ya 20, nikaongeza field ya pili ya namba, yenye tarakimu za code bila herufi, ya kupangia tu. Kisha nikaingiza data upya kutoka kwenye disketi za mwanzo, maana sifuri hairudishi herufi.

Nikatafuta. Beringi ikatokea: Kakanda, rafu ya chini.

Kapend akatumwa na lori kuichukua. Aliporudi, akina mama wenye ndoo wakampigia vigelegele yeye.

Chef akaniita.

"Minye najua ni weye ulifanya. Lakini weye iko na diplome, utaenda popote. Kapend iko na bibi na batoto. Nyumba ni yake."

Jioni ile maji yalitoka. Nilioga kwa dada, nimenuna.

Somo: usiache data ya kwanza ikuamulie aina ya field. Itangaze mwenyewe mapema, na code iwe text hata kama ni tarakimu tupu.

Chef naye alishanipangia aina siku nilipoingia: mgeni. Hiyo sikupewa disketi ya kuijenga upya.

Hadi leo nikipita mtaa ule nalitazama dirisha la ile nyumba, na pazia la mke wa Kapend.

Wenye database, mngefanyaje tofauti? Na wewe uliyewahi kupitwa hivi, wivu wako uliisha lini?