Baiskeli yangu, ndoa yangu, na maji ya Mbwera: nilivyokosa arobaini ya mwanangu

Wakuu, heshima mbele.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo na mimi nitoe langu. Ni kweli tupu. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitakamatwa.

Mimi ni Mkenya, Mtaita. Kazi ndiyo iliyonileta Kibiti, natengeneza majokofu makubwa ya kuhifadhia kamba na samaki. Nilikuja kwa mkataba wa miezi sita, huu ni mwaka wa tano.

Mnaodhani ughaibuni ni Ulaya tu, nendeni mkaishi nchi ya watu hata kama lugha ni moja. Siku ya kwanza nilimwambia mama wa mgahawani "nipe chai", kama tulivyozoea kwetu. Aliniangalia kama nimemtukana mzazi wake; huku wanasema "naomba".

Tuendelee.

Nina ugonjwa mmoja, siwezi kutulia. Nikikaa nusu saa mguu unaanza kutikisika wenyewe. Dawa yake ni baiskeli, na sisemi hizi za kubebea mkaa. Ni ya mbio, tairi nyembamba, nilitoka nayo nyumbani kwenye buti la basi.

Sasa Kibiti baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mihogo, ndoo za maji, hata mgonjwa. Halafu watu wanamwona mtu mzima mwenye ajira yake, kavaa kaptura ya kubana, anakwenda mpaka Bungu na kurudi mikono mitupu. Wazee wakaniuliza nimefuata nini Bungu. Nikawajibu sijafuata kitu. Wakatazamana.

Wiki haikuisha, mtaa mzima unajua yule Mkenya ana mke mdogo Bungu.

Mke wangu Zaituni, mzaliwa wa Mbwera huko kwenye visiwa vya delta, mto unapoingia baharini, umbea ule hakuujali. Yeye alikuwa na swali moja tu. Kila Jumamosi alfajiri nikifunga helmet ananiuliza, "Unarudi na maji gani?"

Kwao hakuna anayetoka nyumbani bila kuulizwa hivyo. Boti zinakwenda maji yakijaa, yakikupwa mikono ya mto inabaki tope. Ukisema unarudi na maji ya jioni, watu wanajua wakuwekee chakula saa ngapi, na wanajua saa ngapi waanze kuogopa.

Mimi nikawa nacheka. "Zaituni, hapa kuna lami, maji yako wapi?" Napanda, nasepa.

Naaga kwamba nitarudi saa tatu, narudi saa saba. Nikifika Bungu miguu bado inataka, basi naongeza kidogo, halafu kidogo tena.

Siku moja, ana mimba ya miezi minane, tumbo likamkaza. Simu inaita mgongoni kwangu, upepo masikioni, sisikii. Jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Haukuwa uchungu, alhamdulillah. Niliporudi hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaenda kulala.

Wakuu, mwanamke akinyamaza hivyo, ogopeni.

Wiki ileile akaondoka kwenda kujifungulia kwa mama yake. Mtoto wa kwanza ndiyo desturi, sikuwa na la kusema. Ila aliondoka na cherehani yake. Nani anakwenda kujifungua na cherehani? Nikajua huyu hana mpango wa kurudi.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, Mwanaidi. Nikawa nakwenda na kurudi, kila safari naambiwa saa ya boti. Arobaini ikaangukia Jumamosi. Hiyo ndiyo siku mama na mtoto wanatolewa nje. Baba anampokea mtoto mlangoni, na mama anavaa kanga mpya alizoletewa na mumewe. Mama mkwe akanipigia simu. "Baba Mwanaidi, siku hiyo Zaituni atasema kama anarudi Kibiti au anabaki. Usikose."

Shemeji yangu Omari, kaka yake Zaituni, ndiye mwenye boti. Akaniambia, "Shemeji, nakungoja bandarini Nyamisati na maji ya asubuhi."

Nikamjibu, usijali, nayajua.

Nayajua wapi! Jumamosi iliyotangulia boti iliondoka saa nne, na kichwani mwangu Jumamosi ni Jumamosi. Nikapiga hesabu: natoka alfajiri kwa baiskeli, lami mpaka Bungu, nashuka barabara ya vumbi hadi bandarini, nafika mapema. Doti ya kanga na udi viko kwenye begi mgongoni. Bodaboda zilikuwepo, sikatai. Lakini wiki nzima sikuwa nimeendesha.

Nilifika saa tatu na robo, rekodi mpya. Nikainua macho kutafuta boti.

Hakuna maji. Tope tupu, mitumbwi imelala ubavu, kaa wanajitembelea.

Bi Pili, mama mmoja anayeanika kamba pale, akanitazama kuanzia helmet mpaka viatu.

"Omari kaondoka kabla jua halijatoka. Kakungoja weye mpaka boti ikataka kukwama, simu hupokei."

"Lakini Jumamosi iliyopita ilikuwa saa nne!"

"Iliyopita maji mafu, mwanangu. Leo bamvua, maji makubwa, yamejaa alfajiri. Maji yanasogea kila siku. Umeoa Mbwera, hawajakwambia?"

"Yanarudi saa ngapi?"

"Alasiri. Kaa."

Jamani, mimi nikae! Nilikaa dakika kumi. Nikapanda baiskeli, nikaenda mpaka njia panda, nikarudi. Nikaenda tena. Bi Pili akaniita, "Unakwenda wapi huko? Huko hakuna Mbwera."

Nikapiga simu kwa Zaituni, haipokelewi. Nikapiga tena. Adhuhuri akapokea mama mkwe, nyuma yake nasikia vigelegele. "Tumeshamtoa mtoto. Kampokea mjomba wake."

Nililia, wakuu. Mtu mzima, kaptura ya kubana, nalia mbele ya majamvi ya kamba. Na nililia zaidi nilipokumbuka kwamba hivi ndivyo Zaituni alivyokaa kila Jumamosi kwa miaka miwili, simu mkononi, mwishoni na tumbo mbele, hajui naja saa ngapi. Afadhali mimi, nilikuwa nimeambiwa alasiri.

Omari alikuja kunichukua maji yalipojaa. Tulipofika, Zaituni alikuwa mkekani, amevaa kanga za zamani za mama yake. Nikampa doti. Akaiweka pembeni bila kuifungua.

"Miye baiskeli sijakukataza hata siku moja," akasema. "Nilikuuliza kitu kimoja tu, ukawa unanicheka."

Nikauliza tu, "Utarudi?"

"Niambie kwanza. Jumamosi ijayo maji ya asubuhi saa ngapi?"

Omari akataka kunisaidia, akakatwa jicho na dada yake. Nikahesabu kwa vidole mbele ya wakwe, jasho linanitoka. Leo yalijaa saa kumi na moja alfajiri, kila siku yanasogea saa moja kasoro kidogo...

"Saa tano kasoro."

Mama mkwe akaangua kicheko. Zaituni hakucheka. Alivuta ile doti, akaifungua.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Nyamisati kabla ya wakati, kwa bodaboda. Walishuka watatu: mke, mtoto, na cherehani.

Nilichojifunza? Sikuambiwa niache ninachokipenda. Niliombwa saa ya kurudi, tena saa ya kweli. Ugenini mkeo hana ndugu wa kumtuma akutafute, na wewe huna wa kukuombea msamaha.

Siwadanganyi kwamba nimepona. Leo asubuhi niliaga "narudi na maji ya saa tatu", na Bungu pale miguu ilinisihi kweli. Nikageuza, roho inauma. Na keria ya kubebea mizigo anayoitaka Zaituni sijaweka, hapo bado tunagombana.

Sasa hivi nimekaa barazani naandika, mguu unatikisika kama kawaida yake. Mwanaidi yuko juu ya goti hilohilo, kalala fofofo. Nikiusimamisha tu, anaamka analia.

Mlioko nchi za watu na familia, na mna ugonjwa kama wangu, nyumbani mnaagaje? Semeni ukweli, Zaituni anasoma majibu.