Moto na Motar

Jumatatu, joto na vumbi tangu alfajiri. Gari la mwanangu limechemka hapa Ibra, Omani, na ile harufu ya maji kwenye chuma kilichoungua ikanirudisha mbali.

Tulikuwa tumetoka Unguja juzijuzi. Jirani akaleta gari la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi, na wanawe wakapiga kelele: "Motar! Motar!", yaani gari kwa Kiarabu cha huku. Mama akasikia moto. Akatoka mbio na ndoo, akalimwagia maji gari zima, madirisha wazi, jirani ndani. Tangu siku ile jirani akamwita Bibi Zimamoto, na mtaa mzima ukafuata. Kwa haki niseme, jirani huyo ndiye aliyempeleka bibi yangu hospitali Nizwa. Labda nakosea kuliweka moyoni jina lile.

Kiangazi kilichofuata, gari lile likachemka mlangoni petu, mvuke unafuka. Jirani akapiga hodi.

"Maji, ukhti, tafadhali!"

Mama alikuwa na ndoo mkononi, imejaa.

"Maji ya nini, kaka? Huo si moto. Hiyo motar."

Akafunga mlango. Jirani akenda falaji, kwenye mfereji wa maji, kwa miguu, juani, na kopo.

Jioni ile tulikula wali na mchuzi wa papa. Mama, asiyekuwa mlaji, alijipakulia mara ya pili.