Sinema Aliyoiona Abuya kwa Masikio

Nakumbuka alasiri moja, miaka ya themanini ikianza, jua la Isiolo likichoma mabati, nami nimeshika kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani. Mwanangu, hata leo nikisimulia, moyo unanienda mbio. Nikiruka jambo, nivumilie.

Wakati huo nilikuwa dalali wa mnada wa mifugo, na kazi ya dalali ni mdomo. Ukinyamaza kidogo tu, mnunuzi anaanza kuhesabu mbavu za ng'ombe. Basi mimi sikunyamaza. Nilisifu pembe, nikasifu kwato, nikasifu hata mkia uliokatika. Mji mzima ulinijua kwa sauti, nami nikavimba kichwa.

Ndipo akaja mtu wa sinema na mashine yake ndani ya pikapu. Akakodi ukumbi, madirisha yakazibwa kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Filamu ilikuwa ya shujaa mwenye joho la kijani, anayeruka juu ya maghorofa akiokoa watu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo alitaka mtu wa kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili na Kiborana. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwangu. Filamu ingeonyeshwa Ijumaa baada ya swala, na Jumamosi, kisha aende zake.

Juma hilo nilikuwa na mgeni kutoka Kinna, Abuya Guyo. Abuya ndiye mjomba, ndugu wa mama. Uzee ulikuwa umempokonya macho yote mawili. Ujanani alikuwa mwimbishaji wa visimani. Wanaume hujipanga kutoka chini ya kisima mpaka juu, wakipokezana ndoo kwa kuimba, na kila kundi la ng'ombe lina wimbo wake. Ng'ombe wakisikia wimbo wao huja kunywa. Ukiimbwa wa wenzao, hawasogei. Huyu Abuya akaniomba nimpeleke sinema. Hakutaka kufa bila kuona moja. Nilicheka, Mungu anisamehe, lakini nikampeleka.

Ijumaa hiyo nilibwata. Watu wa filamu waliposema, nilitafsiri. Waliponyamaza na muziki ukapanda, mimi nilipanda zaidi, maana kwa akili ya dalali palipo kimya pana hasara. Nikasifu joho, nikasifu viatu, nikasifu kifua cha yule shujaa kama namnadi fahali. Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Nikatoka jasho linanitiririka, nikamuuliza Abuya ameionaje.

"Sijaona kitu," akasema. "Macho yangu Mungu alifunika. Masikio umefunika wewe."

Nikajitetea kwamba sikuacha kueleza hata jambo moja. Akasema nyuma ya sauti yangu kulikuwa na watu wengi wanapiga vyombo, na walikuwa na wimbo wa yule shujaa. Kila alipoushika mkia, mimi niliukata. Jumapili asubuhi angerudi Kinna, na sinema nyingine hakutegemea kukutana nayo. Ilibaki Jumamosi tu. Nililala na aibu, Mwanangu. Debe tupu lilikuwa limejijua.

Jumamosi nikamketisha Abuya kwenye benchi kando yangu, nikaazimia kutafsiri maneno na kuuachia muziki nafasi yake. Ngoma na tarumbeta za mwanzo zikalia, mimi kimya. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mmoja akauliza kama dalali amemeza ulimi. Mtu wa sinema akanikazia macho, akanionyesha kwa kidole kwamba ataninyang'anya kipaza sauti. Nikajiambia, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na Abuya amekuja kunywa.

Ndipo nami nikausikia. Wallahi, jana yake nilikuwa nimesimama palepale nisiusikie. Ngoma kubwa zilinguruma mpaka benchi likatetemeka. Fidla nyingi zikakimbia pamoja, na juu yake tarumbeta zikapiga sauti tatu za kupanda na moja ndefu. Vinyweleo vilinisimama.

"Anakuja," akasema Abuya kwa sauti.

Kwenye shuka palikuwa na mtaa mtupu. Pumzi moja tu, joho la kijani likapita. Miluzi ikapungua. Baadaye Abuya akasema tena kwamba anakuja, na shujaa akaja. Mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa umetega masikio, kila mtu akitaka kumtangulia mzee kipofu.

Kisha adui akamwangushia shujaa daraja zima. Vumbi likatulia, haonekani. Akina mama wakasema amekufa, nami niliamini, ingawa nilikuwa nimeshaiona jana. Vyombo vyote vikanyamaza, ikabaki filimbi moja nyembamba. Abuya akanikamata mkono.

"Hiyo ni wimbo yake," akasema. "Inaenda pole pole, lakini ni yake. Hakuna mtu anaimbia ng'ombe amekufa."

Filimbi ikarudia, fidla zikaichukua, tarumbeta zikaipokea kama ndoo inayopanda kisimani, na daraja likainuka. Ukumbi wote ulisimama. Nililia wazi, sikuona haya. Mtu wa sinema hakuninyang'anya kitu. Alikuwa amepanda juu ya kiti kama mtoto.

Miezi ilipita. Nikaenda Kinna kutafuta ng'ombe, na kabla ya kuvifikia visima nikasikia wanaume wakivuta maji kwa wimbo usio na maneno. Sauti tatu za kupanda, moja ndefu. Abuya alikuwa ameketi juu akiwaimbisha. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Kundi la ng'ombe wekundu likainua vichwa, likaja kunywa.

Basi, Mwanangu, nimekuona ukitazama filamu kwenye simu. Watu wakinyamaza tu, kidole chako kinasukuma mbele. Usisukume. Hapo ndipo wale wapiga vyombo wanakuambia nani yuko hai na nani anakuja. Na ukipewa kipaza sauti, jua pia mahali pa kukishusha, kwani heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akupe masikio yasiyoshiba. Na siku utakayolala chini huna nguvu, akuletee mtu anayeujua wimbo wako, hata kama ana filimbi moja tu.