Alama ya Ngamia kwenye Mlango wa Lori

Jumatano, mwezi wa Machi. Asubuhi mawingu yalikuja kutoka upande wa Mto Tana yakatudanganya. Kufika saa nne jua likawa kali na vumbi likapanda.

Leo lori letu la maji limepandishwa juu ya jukwaa la saruji kwenye lango la kambi ya jeshi, hapa Garissa, liwe ukumbusho wa madereva waliofia njiani. Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari zake, maana darasa la saba nililiacha katikati. Lakini nilikuwa fundi wake mpaka nilipostaafu, na vijana huniuliza.

Siku yangu ya kwanza kazini, Sajenti wa karakana alinikuta nikizungusha starta ya lori hili mpaka betri ikafa. Dizeli ilikuwa imekwisha njiani, na dizeli ikiisha, hewa huingia kwenye mabomba.

"Kijana, mtu amekabwa koo na wewe unamwambia aimbe?"

Akalegeza nati, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Huko ndiko kutoa hewa. Alikuwa mkali, lakini sikumbuki akimwonea mtu.

Baadaye nikahamishiwa Hulugho pamoja na lori, chini ya Kapteni. Ukame ulipobana, lori liliwapelekea wafugaji maji. Mzee Abdi, ambaye ngamia wake walikuwa wameanza kulala wasiinuke, alipasha chuma moto akauchoma mlango wa lori alama ya ukoo wake, ileile anayowapiga ngamia.

"Nani amechoma mali ya serikali?" Kapteni akafoka.

"Ni mimi," Mzee Abdi akajibu kwa lafudhi yake ya Kisomali, p ikigeuka b. "Hii ngamia yetu sasa. Ikibotea, watu wataona alama, watarudisha."

Kapteni alicheka mpaka akavua kofia. Alama ikabaki.

Juzi Meja wa sasa aliamuru milango ipigwe msasa na rangi mpya. Nikamwomba aiache ile alama.

"Fundi, huu ni ukumbusho wa wote. Ukoo mmoja ukiwa na alama, wengine watauliza yao iko wapi."

Kusema haki, roho iliniuma tu, na roho kuuma si hoja. Nikamtumia Mzee Abdi habari.

Leo amefika, ndevu nyekundu kwa hina, akasimama kati ya mlango na msasa.

"Meja, ngamia hafutwi alama. Ikienda kwa mtu mwingine, yeye anaweka yake kando."

"Na koo zote zikija, adeer?" Meja akauliza, akimwita ami kwa Kisomali. "Mlango utajaa."

"Warya, wewe kijana, gari iko na milango ngabi?"

Meja akazunguka kuutazama mlango wa pili. Kisha akaagiza wazee wa koo nyingine waitwe. Wakaja na vyuma vyao, wakibishana nani atangulie na alama ya nani imepinda.

"Fundi, na wewe je?" Mzee Abdi akanigeukia.

"Mimi sina ngamia, adeer."

"Na hii uliyotibu miaka yote?"

Nilikataa kuweka alama. Madereva ndio waliokwenda wasirudi. Mimi nilibaki karakana na chai yangu. Pengine nimekosea. Lakini tangu nistaafu naona hivi: fundi hulitunza gari, ila wenyewe ni wale waliokuwa wakilingojea.

Jioni mke wangu alipika wali na nyama ya mbuzi. Mzee Abdi alikula nasi sinia moja, akalalamika kwamba nyama haijaiva, akaimaliza.