Hatua ya Mwisho Aliyoisubiri Kobe

Kaka yangu ni mtu wa kushika neno, na ndiyo maana bado nina hasira naye. Watu humwita Fundi, kwa sababu kabla ya kuanza kutengeneza michezo ya kompyuta alikuwa akizitengeneza kompyuta zenyewe, kwenye chumba hiki hiki cha juu ya duka la vioo. Mchezo wake wa mwanamke anayelinda daraja la reli ulimchukua miaka sita. Mimi nilijibu barua za wachezaji, nilichemsha chai, na nilimsema alipovaa shati moja siku nne mfululizo.

Kati ya wote waliotujaribia mchezo, hakuna aliyemfikia Kobe. Hatukuwahi kuonana naye. Alikuwa mtu mzima aliyepooza upande wa kulia, akiishi na dada yake mji wa mbali, na jina la Kobe alijipa mwenyewe. "Nachelewa, lakini nafika," alituandikia. Duka la mtandaoni tulilotumia lilimruhusu kupanga upya vitufe vyote vikae karibu na vidole vyake vya kushoto. Alituonyesha makosa tuliyokuwa tumeyapita mara mia. Hatua zote alizimaliza, isipokuwa ya mwisho, ambayo kaka alikuwa hajaijenga.

Hapo ndipo duka jingine likabisha hodi. Lingetulipa mapema, tena vizuri, kwa sharti moja: mwaka mzima mchezo uuzwe kwao peke yao. Wachoraji wetu wawili walikuwa wameshaanza kutafuta kazi kwingine. Kaka akatia sahihi, nami nilimuunga mkono, sitajificha.

Matusi yakamiminika. Tuliitwa wasaliti, tukaitwa wenye tamaa. Nami sina dogo, niliwajibu kwamba maduka mawili yakishindana, mtengenezaji naye anapumua. Bado naamini hivyo. Kobe hakutukana. Aliandika tu kwamba duka jipya halina pa kupangia vitufe. Amejaribu siku nzima, ameshindwa.

"Si umwachie nakala yake ya majaribio?" nilimwambia kaka.

"Mkataba unasema hakuna nakala nje ya duka lao."

"Kaka, ni Kobe huyu!"

"Nimeshatia sahihi, mdogo wangu. Nikianza kuchagua wa kumvunjia mkataba, nitaishia wapi?"

Akazifunga nakala zote za majaribio, ya Kobe ikiwemo. Kobe akajibu kwamba mwaka si mwingi kwa mtu wa jina lake. Alituomba kitu kimoja, tusimsimulie hatua ya mwisho.

Mwezi wa kumi dada yake akatuandikia. Kiharusi cha pili. Walikuwa wameshamzika.

Nililia, kisha nikautoa mkataba kabatini nipate wa kumlaumu. Kulikuwa na kiambatisho nyuma ambacho hatukuwahi kukisoma, tukidhani ni habari za nembo na picha za matangazo. Kifungu cha nne kilisema waliokuwa wakijaribu mchezo kabla ya mkataba waendelee na nakala zao, popote walipozipata. Funguo za kabati hilo nilikuwa nazo mimi muda wote.

Nilimwekea kaka mezani. Akasoma, akarudia, akavua miwani.

"Tungeuliza tu," nilisema.

"Ningeuliza tu," alijibu.

Mwaka ulipotimia, mchezo ukaingia kwenye duka la zamani. Duka hilo huwapelekea taarifa wote waliokuwa wakisubiri. Mchana dada yake Kobe akaandika: "Kuna ujumbe umeingia kwenye barua pepe yake. Wanamwambia mchezo wake uko tayari. Niwajibu nini?"

Nilimsomea kaka, nikashindwa kumaliza. Yeye alifungua mpangilio wa vitufe wa Kobe, ambao tulikuwa bado tumeuhifadhi, akaukalia mkono wake wa kulia, akaanza hatua ya mwisho kwa wa kushoto. Aliijenga mwenyewe hatua ile, na bado alianguka darajani mara ishirini. Chai yake ilipoa. Nilimshika bega, nikamwambia inatosha, apumzike.

"Nachelewa," alisema, macho kwenye kioo, na akashindwa kuimalizia kauli ile ya Kobe.