Oili Mbili Kwenye Vijiko

Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali wa Sikonge, na kwake kila kitu kinachomiminika kilipimwa kama asali. Alichovya kijiti, akakiinua, akatazama uzi unavyoshuka. Uzi mnene usiokatika, hiyo ndiyo mali. Ukikatika, umeuziwa maji. Kwa asali sikuwahi kumwona akikosea.

Mwaka ule oili ya injini ilitafutwa kwa tochi Tabora nzima. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga, akizunguka vijiji vya ujamaa kwa pikipiki aliyouziwa na padri aliyekuwa anarudi kwao. Padri yule alipenda mwendo kuliko inavyompasa mtu wa Mungu, na pikipiki yake ilikuwa ya mbio hasa: injini ndogo, yenye hasira, inayopata moto upesi. Sasa mume wangu akajiandikisha kwenye mashindano ya Saba Saba, kutoka Tabora mjini kwenda Sikonge na kurudi. Injini ikinoki kwa oili mbaya, vipuri hakuna, na ugali wetu ndiyo basi. Niliogopa, na nilimwambia.

Alikuwa na oili mbili, zote kwenye chupa za soda. Moja aliachiwa na padri, nyepesi, rangi ya chai ya rangi. Nyingine aliipata kwa dereva wa lori kule Kaliua, nzito na nyeusi. Baba mkwe akachovya kijiti chake. Ya padri ikakatika. Ya lori ikashuka uzi mmoja mpaka chini.

"Hii," akasema, na shauri likaisha.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mume wangu akaniambia tulipobaki wawili.

"Na injini je, ikivunjika guu?"

Alicheka, lakini kumpinga baba yake hakuweza. Mimi ndiyo kabisa: kwetu mkamwana hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana, neno lake hupitia kwa mama mkwe.

Ila swali halikuniacha. Asali tunailamba ikiwa baridi. Oili inafanya kazi ndani ya moto. Sasa huko ndani inakuwaje?

Asubuhi, jiko likiwa limekolea, nikachukua vijiko viwili vya zamani, nikatia oili hii huku na ile kule, nikaviweka juu ya makaa. Nilipoviinamisha, ile nzito ilitiririka kama maji ya kunawa, ikafuka moshi na kuacha utando mweusi. Ya padri ililegea kidogo tu, ikashikamana na kijiko. Nikarudia, nisije nikawa najidanganya. Ikawa vilevile.

Kuinua kichwa, baba mkwe huyo, kasimama kando ya banda la kuku, ananitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye nikamsikia akimwambia mwanawe, "Tia ya padri."

Siku ya mashindano pikipiki mbili zilirudi zikisukumwa. Mume wangu alifika wa nne, vumbi mpaka kwenye kope, injini ikiunguruma sawasawa. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Baba mkwe akaja upande wetu wanawake. Akampita mama mkwe, akasimama mbele yangu.

"Mkamwana, ulijuaje?"

Mama mkwe akashika mdomo. Nikapiga goti, macho chini.

"Sikujua, baba. Nilitaka kuona tu."

"Siku nyingine ukitaka kuona kitu," akasema, "uniite na mimi."